Nyumba Iliyokwenda Muheto Kuposa

Baba mkwe wangu hakunikataa mimi mwenyewe. Alichokataa ni majivu. Nilikuwa nimejenga mara mbili, na mara mbili vita vikapita kijijini kwetu. Nyumba ya kwanza iliungua na maharagwe yangu yote ndani. Ya pili iliungua kabla sijaimaliza, nikiwa bado natafuta mabati ya jikoni. Baada ya hapo nilikimbilia Kashebere, upande wa Walikale, nikapata darasa la tatu la kufundisha chini ya hema. Nilikuwa nalala kwenye ghala la mama mmoja mfanyabiashara kutoka Butembo, katikati ya magunia ya chumvi na makatoni ya sabuni. Mbuzi wa mahari nilikuwa nimeshawatoa. Mchumba wangu alikuwa Muheto kwa wazazi wake, na kilichobaki ni baba yake, fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali, anayeheshimiwa na kila mwenye mzigo, aseme ndiyo.

Jibu lake nililetewa na mama mmoja muuza ndizi, aliyenikuta nikiwafundisha watoto kutoa kwa kukopa.

“Mwalimu,” akasema mbele ya darasa zima, “papa ya muchumba wako anasema hivi: mutoto wake hatalala mu majivu. Siku ataona nyumba na macho yake, njo siku atamutoa. Na yeye hatoke Muheto, njia iko mbaya. Na muchumba wako mwenyewe anaongeza neno moja: lete basi aione.”

“Nilete nini?”

“Nyumba.”

Watoto walicheka mpaka hema likatikisika. Mimi sikucheka. Nilianza kufikiri, na nilipofikiri macho yangu yalikwenda yenyewe nyuma ya ghala, kwenye karavani.

Karavani hiyo ilikuwa nyumba ndogo ya bati jepesi jeupe, yenye magurudumu mawili ubavuni na mkono mrefu wa chuma mbele wa kuifunga nyuma ya gari. Aliileta mzungu mmoja aliyekuwa akizunguka msituni kusikiliza ndege. Vita vilipokaribia alipanda gari, jipu ya yule mama wa Butembo, na sanduku moja tu, akamwachia karavani kama shukrani. Ndani ilikuwa na kitanda cha kukunja, meza, kabati, madirisha mawili yenye mapazia ya maua, na bomba la maji ambalo halikutoa maji kamwe lakini lilipendeza sana kuangalia. Kwa wakati huo ilikuwa inakaliwa na kuku.

Nilimfuata mama dukani. Alikuwa mwanamke mnene, rozari shingoni, sauti ya kusikika ng'ambo ya mto.

“Mama, ninaomba ile karavani.”

“Ya kufanya nini?”

“Ya kuoa.”

Akaniangalia. Akaangalia rozari yake. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakalia gunia la mchele. “Toa kuku zangu kwanza,” akasema alipopata pumzi. “Na dereva wangu atakuvuta. Umefundisha batoto yangu kusoma, siwezi kukunyima banda ya kuku. Lakini siku ya ndoa unikalishe mbele, karibu na padri!”

Nilisugua siku mbili. Nadhani sijawahi kufurahi vile nikiwa nimeshika kinyesi cha kuku. Niliimba. Wanafunzi wangu waliniletea majivu na maji, na mmoja alichora kwa chaki kwenye mlango: NYUMBA YA MWALIMU.

Dereva alikuwa mzee mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua, na ndiye aliyekuwa akimwendesha yule mzungu. Alinifundisha karavani kama mimi ninavyofundisha alfabeti. Kwa muda mrefu zaidi alinifundisha gurudumu dogo la mbele, chini ya ule mkono wa chuma. Karavani ikiwa imefungwa kwenye gari, gurudumu hilo linapandishwa juu, halina kazi. Karavani ikifunguliwa, linashushwa kwa kuzungusha mpini, nalo ndilo linabeba pua yote ya nyumba. Kwa Kifaransa aliliita roue jockey. Sisi masikio yetu yakasikia “ruzoke”, na ruzoke likabaki jina lake.

“Hii ruzoke iko dogo,” akasema. “Iliumbwa kwa majani laini ya kwao. Tuombe tusifungue karavani mu njia.”

Tuliondoka asubuhi, mimi mbele pamoja na dereva, nyumba yangu nyuma inayumba kama bibi harusi. Watu walitoka mashambani kutazama. Kwenye vizuizi vya njiani askari walikuwa wanajua cha kufanya na magunia, na mbuzi, na mafuta ya mawese. Na nyumba je? Kwenye kizuizi cha pili mmoja wao alizunguka karavani mara tatu, bunduki begani.

“Iko nini hii?”

“Nyumba,” nikasema.

“Nyumba iko inaenda wapi?”

“Muheto. Kuposa.”

Akaingia. Tulisikia kabati likifunguliwa na kufungwa, kitanda kikilalamika, bomba likizungushwa. Alikaa humo muda mrefu hata dereva akaanza kusali. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika, kama wa mtu aliyetoka kwao. “Hata miye niko na muchumba,” akasema kwa sauti ndogo, akainua mti wa kizuizi mwenyewe kwa mikono miwili. “Mupite mbio. Na mumusalimie mukwe.”

Sasa hapo chini ya Muheto pana daraja la miti. Siku ile miti miwili ilikuwa imeoza, na dereva alishuka, akairukia, akatikisa kichwa. Jipu na karavani kwa pamoja zingeanguka mtoni. Jipu peke yake ilipita pembeni majini, ambako karavani nyepesi ingechukuliwa na maji. Karavani ikabidi ifunguliwe na kusukumwa kwa mikono juu ya daraja, pua yake ikiwa juu ya ruzoke. Ilikuwa siku ya soko na wasukumaji hawakukosekana. Kulikuwa na akina mama wenye vikapu, wanaume wa chukudu walioteremka na magunia ya viazi, na mtu mmoja mwenye ng'ombe wanne. Tulipiga kelele ya pamoja, tukasukuma. Katikati ya daraja ruzoke ikaingia kati ya miti miwili. Tukasukuma tena. Nikasikia *kra!*, bomba la chuma linalobeba gurudumu likapinda kama goti, kibano kilicholishika kwenye mkono wa karavani kikapasuka, na gurudumu lenyewe likabingirika taratibu, likasita ukingoni, likaanguka mtoni, *dubwi*.

Nyumba yangu ikapiga pua kwenye miti na kukaa. Daraja likawa limezibwa. Huku viazi, kule ng'ombe, na mimi katikati nimeshika mpini usiozungusha kitu.

Mchumba wangu alitokea juu ya kilima akikimbia, kitambaa cha kichwa mkononi. Miezi sita nilikuwa sijamwona. Alisimama mbele ya karavani, akatazama mapazia ya maua, akasoma mlango, akanitazama mimi.

“Iko nini hii?”

“Nyumba. Ulisema nilete.”

“Foto!” akapiga kelele. “Nilitaka ulete foto, picha tu!”

Nilitamani kuufuata ule mto pamoja na ruzoke. Lakini yeye alikuwa ameanza kucheka, akainama, akashika magoti, machozi yanamtoka, akina mama wenye vikapu wakamfuata, kisha watu wa viazi, mpaka daraja zima likawa linacheka, na mimi nikajikuta nacheka kuliko wote. Kulikuwa na milio ya bunduki siku zile upande wa milima ya mbali, tuliizoea kama mvua. Siku ile hakuna aliyeisikia.

Kisha watu wakatengana, na kicheko kikazimika kama taa. Baba mkwe alikuwa anakuja. Alikuwa mtu mfupi, mpana, mikono kama mizizi. Nikavua kofia, nikaangalia chini kama inavyompasa mkwe. Hakunisalimu. Alipita mbele yangu, akapiga goti kwenye utope uliotapakaa juu ya miti, akaingiza kichwa chini ya pua ya karavani. Akakaa humo.

“Nani alitengeneza kaupuzi haka?” sauti yake ikatoka chini.

“Bazungu, papa,” akajibu dereva.

“Plastiki! Wameweka plastiki kubeba nyumba!” Akatoka na kipande kilichomeguka cha gurudumu lile, utope hadi masikioni, na macho yake yalikuwa yanawaka kama ya mtoto. “Leteni chukudu moja. Ile yenye nguvu.”

Tuliinua pua ya karavani watu ishirini, tukaipumzisha juu ya chukudu. Wanaume wanne waliishika isianguke, wengine wote tukasukuma nyuma, na hivyo ndivyo nyumba yangu ilivyopanda Muheto, kwa wimbo, imepanda chukudu kama gunia la viazi.

Kwa siku tatu baba mkwe hakunitamkia neno lolote la ndoa. Aliniita mwalimu, akanituma. Mwalimu, shika hapa. Mwalimu, pepea moto. Nilijaribu kumsaidia kwa elimu: nikachukua chaki, nikakokotoa juu ya ubao urefu unaotakiwa ili pua ifike sawa na ndoano ya jipu. Alisubiri kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akasimama kando ya jipu, akapima ndoano kwa goti lake, akasimama kando ya karavani, akapima kwa goti lilelile, akakata. Hesabu yangu ilikuwa imezidi kwa vidole vinne.

Badala ya gurudumu moja alichonga mawili, mapana, ya mti mgumu anaotumia kwa chukudu. “Mutu akisimama na muguu moja mu utope anazama,” akanieleza. “Akitandika miguu mbili, utope inamuheshimu.” Kila gurudumu alilitoboa katikati, akapigilia humo pete ya chuma yenye gololi aliyoitoa kwenye gari lililokufa, kisha akalizungushia ukanda wa tairi kuukuu kwa misumari. Uma wa kushika magurudumu alimpelekea mhunzi, akaufua kutoka kwenye springi ya lori. Bomba lililopinda walilinyoosha motoni, wakalivisha bomba lingine nene la maji nje yake. Kibano kilichopasuka kikatupwa, pahali pake pakafungwa mkanda wa chuma wenye bolti mbili nene kama kidole gumba changu.

Lakini alichokipenda mwenyewe ni vyuma viwili vya pembeni. Vilitoka chini ya bomba mpaka kwenye mkono wa karavani, kimoja kulia, kimoja kushoto, kama mtu aliyejishika kiuno, ili bomba lisikunjike tena likigonga jiwe. Kila kimoja kilishikwa kwa pini ya kuchomoa, ili safarini ruzoke ipandishwe juu. Alichomoa na kurudisha pini zile mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mara moja nilimkuta peke yake akiichomoa, akiirudisha, akitabasamu.

Mchumba wangu alikuwa anakuja na maji ya kunywa, na kila alipofika baba yake alimpa kazi. Alikuwa anajua kupigilia tairi kuliko mimi. Mimi nilijigonga kidole, naye akakifunga kwa kipande cha kitenge mbele ya baba yake bila aibu. Tuliongea kwa macho tu. Kila macho yetu yalipokutana kicheko kilitupanda, tukawa tunajifanya tunakohoa. “Moshi iko mingi hapa,” akasema baba yake siku ya tatu, moto ukiwa umezimika tangu asubuhi.

Jaribio lilifanyika kwenye kiwanja cha mpira cha shule. Baba mkwe alizungusha mpini mwenyewe, pua ikapanda, magurudumu mawili yakakanyaga chini. Kwaya ya kanisa ilikuwa inafanya mazoezi. Akaiita yote, akawakalisha wanaume sita juu ya mkono wa chuma. Ruzoke haikulia. “Sasa sukumeni!” Tukasukuma. Ilikwenda kama siagi. Vijana wakachangamka, wakaongeza mwendo, tukazunguka goli, tukakata kona, watoto wanakimbia nyuma, kwaya inaimba, na ndipo tukasikia kutoka ndani ya karavani sauti ya mwanamke ikipiga yowe.

“Simameni!” nikalia.

“Musisimame!” sauti ikajibu. “Endeleeni!”

Ilikuwa mama mkwe. Alikuwa ameingia kimya kimya kuangalia kabati ya binti yake, tukaanza kusukuma kabla hajatoka. Sasa alikuwa amekaa kitandani, anarushwarushwa, anacheka kwa sauti ambayo mchumba wangu aliniambia baadaye hakuwa ameisikia tangu waliporudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Kashuga. Tukaendelea. Tulimzungusha uwanja mzima mara mbili, mpaka wasukumaji wakaishiwa nguvu kwa kucheka.

Shida ilikuja tuliposimama. Kwa desturi yetu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni, na mlango wa karavani ni mmoja, nami nilikuwa nimesimama karibu nao, natweta. Hakutaka kutoka. Nikageuka, nikaupa mlango mgongo.

“Mukwe,” sauti ikaniita kupitia pazia. Ilikuwa mara ya kwanza anaongea nami.

“Mama.”

“Ile bomba ya maji haitoe maji.”

“Ndiyo, mama. Haitoe.”

“Haina neno. Iko muzuri kuangalia.” Kisha akauliza, “Vita ikikuja tena, hii nyumba inaweza kukimbia?”

“Inaweza, mama. Kama batu wako wa kusukuma.”

“Batu wako,” akasema. “Si umeona?”

Baba mkwe alikuwa anafuta mikono kwa majani. Alikuja, akapiga teke moja ruzoke, kwa upendo, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake mbavuni.

“Mwalimu. Nyumba nimeiona.”

Nikainamisha kichwa.

“Haiungue ovyo, iko ya chuma. Haikae pahali ikingojea kuchomwa. Mubaya akikuja upande huu, inaenda upande ule. Mutoto wangu chukua.” Kisha akanyoosha kidole. “Lakini ruzoke iko yangu. Ikilegea bolti, ikikauka, munaniita. Mutu mwingine asiiguse!”

Mchumba wangu hakukohoa safari hii. Alipiga vigelegele vyake mwenyewe, jambo ambalo bibi harusi hafanyi, na mama yake akamjibu kutoka ndani ya karavani.

Tulifunga ndoa wiki iliyofuata. Mama wa Butembo alifika nyuma ya lori la mbao, akakalishwa mbele karibu na padri kama alivyoagiza, akaimba kupita kwaya. Siku mbili baadaye tukafungasha kurudi Kashebere, kwa sababu darasa la tatu lilikuwa linaningoja na habari za njia zilikuwa nzuri, hata kama hazikuahidi kudumu. Baba mkwe aliinua pua ya karavani mwenyewe, akaiteremsha juu ya ndoano ya jipu, na kwa kweli ilikaa sawa kabisa, kwa kipimo cha goti. Akachomoa pini, akapandisha ruzoke, akaipaka mawese. Tukaagana. Mke wangu alilia kidogo, mama yake akalia kidogo nyuma ya mgomba, na dereva akawasha.

Baba mkwe alitembea kando ya karavani mpaka darajani, ambako miti miwili mipya ilikuwa imewekwa. Hata hivyo alitaka tuifungue, ili ruzoke yake ipite pale pale ilipovunjika ile nyingine. Tukafungua, tukasukuma, ikapita bila kugeuza kichwa. Tukafunga tena. Nikadhani sasa atarudi.

“Kuko na utope kule mbele,” akasema, akiangalia kando. “Mungeweza kufungua tena.”

“Papa,” akasema mke wangu, “hakuna utope. Jua imewaka wiki yote.”

“Kuko.” Akafungua mlango wa jipu, akapanda, akakaa katikati yangu na dereva na sanduku lake la vyombo magotini. Mke wangu alikuwa nyuma, kwenye dirisha la nyumba yetu, amejifunika uso kwa pazia la maua, mabega yanatikisika. Hivyo ndivyo nilivyoanza maisha ya ndoa, nimebanwa na baba mkwe wangu njia nzima mpaka Kashebere, na kila tulipofika kwenye shimo aligeuka nyuma kuangalia, akamgusa dereva begani, akauliza kwa matumaini: “Hapa hatufungue?”

Alikaa kwetu siku tisa.